Namba Mbili wa Mazembe

Jambo kwenu mlioko katikati ya mji wetu wa Lubumbashi, na jambo zaidi kwenu jamaa zangu wa komini ya Annexe: Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi, Kimbembe, Munua, mpaka kule Kasapa. Najua saa hizi wengine mko jikoni mnasonga bukari, wengine mmerudi na baiskeli za makala na bado hamjanawa miguu. Kaeni. Leo nina habari ya mtu mmoja, na inaniuma kidogo.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kalebuka. Kuna kiwanja pale cha udongo mwekundu, umekanyagwa mpaka ukawa mgumu kama saruji. Upande mmoja pana tanuru la matofali. Upande wa pili pana kichuguu kikubwa ambacho watu wamekichimba nusu kwa ajili ya hayo matofali, na nusu iliyobaki ndiyo jukwaa. Vijana walicheza mpaka jua likaelekea kuzama, kisha wakakaa juu ya kichuguu, vichwa vyote juu ya simu moja. Wakaanza kucheka, na mmoja alicheka mpaka akateleza na kushuka na udongo.

Nikasogea. Kijana akaniambia, "Papa, angalia ule muntu!" Akanionyesha picha zile ambazo huenda hata wewe umeshaziona. Wachezaji wa Brazili wamesimama nyuma ya mpira, wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mbele yao umejengwa ukuta wa wachezaji wa Zaire, nchi yetu kwa jina la enzi zile, jezi za kijani, kichwa cha chui kifuani. Refa anapuliza filimbi. Mara, kutoka kwenye ukuta, beki mmoja anachomoka mbio na kuupiga mpira mbali, mbali kabisa, kabla Wabrazili hawajaugusa. Wabrazili wanashangaa. Refa anatoa kadi ya njano. Basi. Ni sekunde chache tu.

"Hakujua mupira," kijana akasema. "Hakujua hata sheria."

Nikamuuliza: anaitwa nani? Hakuna aliyejua. Nikauliza: alikuwa wa timu gani? Kimya. Na katika vijana wale, ndugu wasikilizaji, wawili walikuwa wamevaa jezi ya milia myeusi na myeupe, na alama ya mamba kifuani. Nikamgusa mmoja kifua, pale penye mamba. Nikamwambia: alikuwa wa hii.

Jina lake lilikuwa Joseph Mwepu Ilunga. Baada ya mwaka 1972, Rais Mobutu alipotutaka sote tuyaweke kando majina ya Kizungu, akabaki Mwepu Ilunga. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949. Alicheza beki ya kulia, na klabu yake ilikuwa Tout Puissant Mazembe ya hapa Lubumbashi.

Ukitaka kumwelewa Mwepu, elewa kwanza nyumba aliyoingia. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville, na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface. Ilianza kwa jina la Mtakatifu Georges, mlinzi wa maskauti. Mwaka huohuo ilizaliwa Lupopo, timu ya watu wa reli, na tangu hapo mji huu haujawahi kulala vizuri usiku wa kuamkia mechi yao. Baadaye Saint-Georges ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Miaka ya sitini, baada ya Uhuru, baada ya vita vya Katanga, baada ya watu kukimbia na kurudi, Englebert hiyo ikawa kitu ambacho Afrika ilikuwa haijakiona. Mwaka 1966 ikachukua ubingwa wa nchi, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga. Mwaka 1967 ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mbele ya Asante Kotoko ya Ghana. Mwaka 1968 ikalitwaa tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Hapakuwa na klabu iliyowahi kulitetea kombe lile kabla yake. Mwaka 1969 na 1970 ikafika fainali tena. Fainali nne mfululizo, ndugu zangu, na timu yenyewe inatoka mji wa migodi ulio mbali na bahari zote mbili.

Golini alisimama Robert Kazadi. Mbele alikuwa Pierre Kalala Mukendi, yule aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Mataifa kule Addis Ababa, Januari 1968, Ghana ikalala. Katikati ya ulinzi akaja Bwanga Tshimen, ambaye mwaka 1973 alitajwa mchezaji bora wa Afrika nzima. Hao ndio watu ambao Mwepu alivaa jezi pamoja nao, jezi ya taifa au ya klabu. Mtu asiyejua sheria za mpira hapati namba katika timu kama ile. Hata kuwabebea maji asingeruhusiwa.

Na beki, nisikilizeni vizuri, kazi yake haipigwi picha. Mshambuliaji akifunga, kamera inamfuata mpaka kwenye kibendera cha kona. Beki akisoma mpira mapema, akasogea hatua mbili, winga akakosa njia na kurudisha mpira nyuma, hapo pametendeka nini? Hakuna kitu kilichotokea. Ndiyo kazi yenyewe: kufanya kitu kisitokee. Mwepu aliifanya kazi hiyo miaka na miaka, na hakuna hata sekunde moja ya kazi hiyo iliyofika kwenye simu ya kijana wa Kalebuka. Imefika ile moja tu.

Twende mwaka 1974. Desemba ya 1973 Zaire ilikuwa imeipiga Moroko mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa na kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika huko. Kabla ya safari hiyo kukawa na Kombe la Mataifa kule Misri, mwezi wa tatu. Fainali tukakutana na jirani zetu kabisa, Zambia, watu ambao ukitoka hapa asubuhi kwa gari, kabla jua halijawa kali uko mpakani kwao Kasumbalesa. Mechi ya kwanza ikaisha 2 kwa 2. Ikabidi warudie baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne alifunga Ndaye Mulamba, na katika mashindano yale alifunga mabao 9, hesabu ambayo bado haijafikiwa. Mwepu alikuwamo katika kikosi kile. Alikuwa bingwa wa Afrika akiwa na miaka 24. Hilo pia liko katika maisha yake, wala hamwonyeshwi.

Sasa Ujerumani, mwezi wa sita. Huku kwetu ni baridi ile ya asubuhi inayokufanya utafute jua kama kuku. Kule ni kiangazi. Mechi ya kwanza, tarehe 14, mjini Dortmund, Uskoti ikatufunga 2 kwa 0. Hakuna aibu hapo. Waliotazama walisema vijana wanacheza vizuri. Lakini nyuma ya pazia mambo yalikuwa yameoza. Wachezaji wenyewe wamesimulia, Mwepu mmoja wao: fedha walizoahidiwa zilikuwa zimepotea mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Wakasema hawachezi tena. Wakabembelezwa, wakashinikizwa, wakaingia uwanjani tarehe 18 na mioyo mizito.

Yugoslavia 9, Zaire 0.

Siipambi mechi ile. Kufikia dakika ya 21 walikuwa wamefungwa matatu, na kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi golini akamwingiza Tubilandu, ambaye mguso wake wa kwanza ulikuwa wa kuuokota mpira wavuni. Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia na zamani alikuwa kipa. Mpaka leo watu wanabishana kwa nini alifanya vile. Katika fujo za bao la nne refa alipigwa teke, akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Aliyepiga teke hakuwa Ndaye. Alikuwa Mwepu, na alikiri mwenyewe baadaye. Nalisema hili kwa sababu sitaki kuwaletea malaika. Alikuwa mtu mwenye hasira, na siku ile hasira yake ilimwangukia mtu asiye na kosa, mwenzake akabeba adhabu.

Hapa nataka nisimame kidogo nizungumze habari ya mshahara, kwa sababu naona ndiyo mzizi.

Huko Uingereza mpira ulikotoka, kati ya vita viwili vya dunia, mchezaji wa kulipwa hakuwa tajiri. Kuanzia mwaka 1922 mshahara wake haukuruhusiwa kupita pauni 8 kwa wiki, na miezi ya mapumziko pauni 6. Awe fundi wa namna gani, awe anajaza uwanja watu elfu hamsini, ni pauni 8. Klabu isipotaka kumwachia, haendi popote. Wachezaji wa kule walilalamika kwamba wanafungwa kama watumwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini wiki ikiisha, zile pauni 8 zinawekwa mkononi. Kuna karatasi, kuna sahihi. Akidhulumiwa anajua amedhulumiwa kiasi gani.

Mwepu na wenzake walikuwa na kifungo kilekile bila ile karatasi. Katikati ya miaka ya sitini Mobutu aliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na mlango wa kwenda Ulaya ukafungwa nyuma yao. Mchezaji alikuwa mali ya taifa. Ukishinda, rais anakupa nyumba na gari mbele ya watu, kama baba anayempa mtoto zawadi, na zawadi haina mkataba. Ukishindwa, huna pa kudai. Mtu aliyecheza mpira wa ngazi ya juu kabisa duniani alikuwa anategemea hisani ya mtu mmoja, na hisani hiyo ilikwisha ndani ya siku nne, kati ya Dortmund na Gelsenkirchen.

Baada ya yale mabao 9, Mwepu alisimulia mwaka 2002 alipohojiwa na waandishi wa Uingereza, walinzi wa rais walifika hotelini. Waandishi wa habari wakatolewa. Ujumbe ukawa mfupi: mkifungwa na Brazili mabao manne, hakuna atakayerudi nyumbani.

Sasa rudi na mimi kwenye ile video. Tarehe 22 Juni 1974, siku ya Jumamosi, uwanja wa Parkstadion, Gelsenkirchen. Jairzinho amefunga dakika ya 12. Kisha Zaire ikashikilia, dakika baada ya dakika, karibu saa nzima, mbele ya mabingwa wa dunia. Rivelino akafunga la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti ambalo Kazadi angelidaka siku yoyote nyingine; likapita. La tatu. Watu husema mechi ile haikuwa na maana. Ilikuwa na maana kubwa. Brazili ilikuwa imetoka sare mara mbili bila bao, na mabao matatu yale yaliipitisha mbele ya Uskoti kwa tofauti ya bao moja tu. Wabrazili walikuwa wamepata walichotaka. Wetu walikuwa wamefika ukingoni: tatu. Bao moja zaidi ni nne.

Zimebaki dakika chache, Brazili inapata mpira wa adhabu karibu na boksi. Rivelino yupo pale, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiogopwa dunia nzima. Filimbi inalia. Wewe uko kwenye ukuta. Una miaka 24. Unajua ni akina nani wanakusubiri nyumbani.

Mwepu akachomoka.

Aliwahi kusema kwamba aliingiwa na hofu, alitaka tu kupoteza muda, na Wabrazili walipocheka aliwatukana kwa sababu hawakujua mzigo waliobeba Wazaire. Mara nyingine akasema alifanya makusudi kabisa: alizijua sheria, alitaka kadi nyekundu atoke nje, kwa nini aendelee kuvunjwa miguu na huku waliokula fedha zake wamekaa jukwaani wanatazama? Refa Rainea, Mromania, akampa ya njano tu.

Wapo wanaosema: maneno mawili yasiyolingana, basi anadanganya. Mimi sioni hivyo. Nimeishi katika mji huu muda wa kutosha kujua kwamba hofu na hasira zinaweza kulala kitanda kimoja. Mtu anaweza kukimbia kwa sababu anaogopa, na katikati ya mbio akagundua kwamba amechoka kuogopa. Mguu mmoja ulikimbia hofu, mguu wa pili ulipiga mpira kwa hasira. Mkitazama tena, tazameni jinsi alivyoupiga. Mtu aliyekosea sheria hupiga mpira kuelekea goli, au humpa mwenzake. Mwepu hakumlenga mtu yeyote. Aliupiga kama mtu anayefukuza kitu mlangoni kwake.

Waingereza waliotangaza mechi walisema ule ulikuwa ujinga wa Kiafrika. Neno hilo likaenea kuliko majina yote. Miaka ikapita, televisheni zikaurudia mkwaju ule katika vipindi vya vichekesho, na sasa simu zinaurudia. Hao Waingereza sigombani nao sana. Walikuwa mbali, hawakujua kilichosemwa hotelini. Sisi je? Tuko hapa. Uwanja wa Mazembe uko Kamalondo, unaupita kwa basi ukienda sokoni. Kijana wa Kalebuka anaijua Mazembe ya 2010, anajua kipa Kidiaba alivyorukaruka kwa makalio uwanjani, anajua tulivyoipiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0 tukaenda fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter ya Milan. Ni vizuri. Lakini beki aliyesimama mbele ya Brazili miaka 36 kabla ya hapo, kijana huyohuyo anamcheka bila kujua kwamba anamcheka babu yake.

Mwepu alirudi nyumbani. Wote walirudi, lakini hapakuwa na mapokezi, na miaka iliyofuata haikuwa ya raha kwa wengi wao. Ndaye Mulamba, mfungaji wa mabao 9 kule Misri, alipigwa risasi mguuni mwaka 1994 na watu waliodhani ana fedha, akaishia kuishi uhamishoni Afrika Kusini. Mwepu alizeeka katika maisha ya kubahatisha, akiulizwa swali lilelile kila baada ya miaka minne, kila Kombe la Dunia lilipokaribia. Alilijibu kwa subira. Aliwahi kusema kwamba angejua, angekuwa mkulima. Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua muda mrefu, akiwa na miaka 65. Miezi sita baadaye Mazembe ikalitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano, na mji ulipiga honi mpaka alfajiri.

Pale juu ya kichuguu nilimaliza kusimulia jua limeshazama. Vijana hawakusema mengi. Yule mwenye simu aliirudisha video mwanzo akaitazama tena, safari hii sauti imezimwa, hakuna aliyecheka. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu kama nilivyotaka. Aliuliza: "Papa, na mechi zake zingine, tutazionea wapi?"

Kwa hiyo nawageukia ninyi, wazee wangu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1974 leo amepita 65. Kama ulisimama uwanjani hapa Lubumbashi ukamwona Mwepu Ilunga akicheza dhidi ya Lupopo, kama unakumbuka hata mechi moja, winga mmoja aliyemtia mfukoni, mpira mmoja alioukoa mstarini, mwambie jirani anayetusikiliza akulete kwetu redioni, au tuma mtoto na jina la mtaa wako. Nitakuja mwenyewe na kinasa sauti, iwe Kasungami, iwe mwisho wa Luwowoshi. Hata dakika tano zinatosha. Na wewe mzazi, mtoto akikuletea ile video jioni hii, mwache aitazame. Halafu mwambie jina, na umwambie: beki ya kulia, namba 2, Mazembe, bingwa wa Afrika mwaka 1974.